Dubai au Muscat ukiwa na watoto wadogo? Mi nimekaa kote, soma kwanza kabla mumeo hajasaini

Mdogo wangu wa Tanga kanipigia juzi usiku, mumewe kapata ofa mbili kwa mkupuo, moja Dubai moja Muscat, mshahara karibu sawa, na wamepewa siku kumi za kujibu. Swali lake la kwanza: "Dada, wapi pazuri?" Nikacheka. Nikamuuliza, we unaendesha gari? Akasema hapana, kwani gari linahusiana nini? Nikamwambia basi kaa chini tuzungumze, vocha unayo?

Mi nilikaa Dubai kuanzia 2019, Al Nahda, mwanangu wa kwanza nilishuka nae uwanjani kabebwa mgongoni ana miezi saba. 2023 tukahamia Muscat, tupo upande wa Al Khoud mpaka leo, watoto sasa watatu. Kwaiyo nilichomwambia mdogo wangu ndo naandika hapa, mana wanaouliza swali hili ni wengi na majibu wanayopata ni ya watalii au ya wanaume. Mwanaume atakwambia mshahara na kodi ya nyumba. Hatakwambia kuhusu saa nne asubuhi, yeye kashaondoka kazini zamani, AC inanguruma, mtoto analia hataki katuni hataki uji, na wewe unauangalia mlango. Unatoka kwenda wapi, na unaendaje? Hapo ndo miji hii miwili inapoachana kabisa.

Dubai mlango unafunguka hata kama huna gari. Metro ilianza 2009, mstari wa kijani ukaja 2011, na sisi Al Nahda tulikuwa palepale mstarini. Nilikuwa natoka na kigari cha mtoto, natelemka kwa lifti, nagonga kadi ya Nol, naingia behewa la wanawake na watoto, hakuna mwanaume wa kukubana hakuna nini, mtoto chini ya miaka 5 halipi, mimi dirhamu 3 kama ni ndani ya zoni moja, 5 zikiwa mbili, 7 na nusu ukienda mbali zaidi. Kitu kimoja tu, usimpe mtoto biskuti mle ndani. Kula ni faini dirhamu 100, mi nilionywa na askari wa kike akanionea huruma tu kwa vile mtoto mwenyewe alikuwa keshaanza kuchuruzika machozi.

Safari yangu niliyoipenda ilikuwa ni kupanda hapo Al Nahda mpaka kituo cha mwisho, Creek, alafu maktaba ya Mohammed Bin Rashid. Imefunguliwa 2022, jengo lake limekaa kama marfaa ya msahafu iliyofunguliwa, ghorofa ghorofa, na watoto wana sehemu yao kabisa ya kwao. Baridi safi, choo safi, bure. Nimeshinda pale siku nzima za Julai mume wangu akijua niko nyumbani nakunja nguo. Njia ileile ukishuka katikati unapata Deira, unavuka mkono wa bahari kwa abra dirhamu 1, mashua ya mbao imejaa watu miguu inaning'inia karibu na maji, kama kivuko cha Kigamboni ila kidogo na hakina kelele za wamachinga. Mwanangu alikuwa anataka tuvuke, turudi, tuvuke, turudi. Kwa dirhamu 4 nimemaliza jioni.

Muscat sasa. Muscat haina treni. Mji wenyewe umelala kama utepe, bahari huku milima kule, barabara ya Sultan Qaboos inapita katikati kama mto, na mambo yote yamepangwa kwa mtu mwenye gari. Mabasi ya Mwasalat yapo, masafi, lakini yanakushusha barabara kuu, kutoka hapo mpaka unapokwenda ni mguu, jua nyuzi 42, una mtoto mkononi mwingine tumboni. Teksi za kuita kwa apu zipo, OTaxi natumia mpaka leo gari likiwa gereji, ila huwezi kupanda teksi kila siku kwenda kumbembesha mtoto. Miezi mitatu ya mwanzo nililia. Nasema kweli, nilikuwa namwambia mume wangu turudi Al Nahda kwenye kachumba ketu.

Alafu nikaanza kujifunza gari. Huku unajifunza na mwalimu binafsi, wanawake wapo, na mtihani wa kwanza ni mapipa, yaani unaingiza gari katikati ya mapipa kinyumenyume bila kuyagusa, kuna wa mlima, kuna wa barabarani. Mapipa nilipita haraka. Barabarani nikafeli mara tatu, ya tatu kwa sababu niliogopa mzunguko nikasimama nikamsubiri kila mtu apite mpaka askari akachoka. Ya nne nikapata. Wallahi tangu siku ile Muscat ni mji mwingine, huu mji wanaousifu kila siku kumbe ulikuwepo ila ulikuwa umefungiwa kwenye leseni.

Kwaiyo ukisikia mtu anasema Muscat pamepooza, muulize kwanza kama alikuwa na usukani.

Watu

Hapa sitakuwa mkweli nikisema miji iko sawa. Dubai nilikuwa na majirani wa Kerala, wa Ufilipino, wa Misri, wazuri wote, tulibadilishana vyakula, lakini kila mtu alikuwa na tarehe yake ya kuondoka. Ukizoeana na mtu, viza ya mumewe inaisha. Kiswahili nilikuwa nakifuata Deira, mitaa ya Naif na Baniyas, pale utawakuta wafanyabiashara wetu wananunua mzigo wa Kariakoo, kago za Dar zimejaa, nikitaka kumtumia mama kitu nyumbani nilikuwa natuma palepale. Kwa hilo la mizigo Dubai haina mpinzani. Ila yule mfanyabiashara ana siku nne tu, hana muda wa kukuuliza umelala vipi.

Muscat wiki ya tatu niko duka la mbogamboga, namkemea mwanangu, "acha hilo nyanya utaliponda we mtoto", mara nyuma yangu sauti ya bibi mmoja kavaa abaya na mtandio wa maua: "Mwache mwanangu, mtoto huyo. Weye watoka wapi?" Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu! Nilisimama na mchicha mkononi kama nimepigwa na butwaa. Sasa kwa asiyejua, Waomani wengi walikuwa wakiishi Zanzibar na bara, wengine wakaja huku baada ya mapinduzi ya 1964, wengi zaidi baada ya 1970 Sultani Qaboos alipoingia na kuwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Wamerudi na lugha, wamerudi na mapishi. Mandazi huku yanaitwa mandazi. Mishkaki ni mishkaki, jioni inachomwa barabarani moshi unakufuata mpaka ndani ya gari. Yule bibi alinichukua namba, Ijumaa akaniletea sahani ya mandazi ya iliki, na mpaka leo wanangu wanamwita Bibi na siku nikijifungua ndie aliekuja na uji wa pilipili manga. Hiyo hakuna metro inayokupeleka.

Ila nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Miji yote miwili ukiwa mwanamke wa kiafrika umebeba mtoto mweupe kidogo wa rafiki yako, au hata wako mwenyewe, kuna mtu atakuuliza unafanya kazi kwa nani. Dubai nimeulizwa kwenye lifti ya jengo letu, Muscat nimeulizwa mapokezi ya shule, na kwa Kiswahili pia. Ujiandae kwa jibu fupi. Mi huwa nasema "nafanya kazi kwa mume wangu, ila halipi", wanacheka yanaisha.

Bichi na bustani

Bichi Dubai zipo za bure, ila ukilipia ujue umelipia. Al Mamzar geti dirhamu 5 kwa mtu, ndani majani, vivuli, sehemu za kuchoma nyama, mabembea, waokoaji wamekaa, mchanga umesafishwa. Bustani za Creek na Zabeel nazo dirhamu 5. Bustani ya Qurani kule Al Khawaneej kuingia ni bure, miti yake ni ile iliyotajwa kwenye msahafu, tini, zeituni, komamanga, mwanangu alitoka pale anamuuliza baba yake kwanini nyumbani tunakula tende tu. Flamingo wa Ras Al Khor nao bure, unachungulia kwenye kibanda cha mbao, wamejaa majini na nyuma yao maghorofa. Hizo Global Village na Miracle Garden ni za kipindi cha baridi tu, usije Agosti na watoto umewaahidi maua.

Muscat bichi haina geti. Shatti Al Qurum, Al Hail, Seeb, unasimamisha gari unashuka. Hakuna kivuli pia, hakuna mtu wa kukuangalizia mtoto, saa kumi na moja jioni vijana wanaweka magoli mchanga wote unakuwa wa mpira. Mi napenda Seeb zaidi, kwa sababu wavuvi wanaingia palepale, unapata nguru na jodari wa kukata mwenyewe, na wanawake wanaingia baharini na nguo zao kama kwetu Raskazone, hakuna anaekushangaa. Dubai bichi nilikuwa najiona nimevaa sana. Hii ni mimi, wewe unaweza kuona tofauti.

Jioni za Muscat zangu ni Mutrah. Unatembea kando ya bahari, majumba meupe yana roshani za mbao, boti za zamani zimefunga, nyuma soko limenuka ubani mpaka kooni, pembeni soko la samaki jipya la 2017 lenye paa la mawimbi. Mara ya kwanza nilihisi niko Forodhani, nikatafuta kwa macho mtu wa urojo. Paki ya Riyam iko mbele kidogo, ina lile sanamu la chetezo kubwa jeupe juu ya jabali, watoto wanaliita kikombe cha jini.

Maji ya milimani

Hii ndo Muscat inapoishinda Dubai na haihitaji hela. Nakhal, mwendo wa saa moja na kidogo, kuna chemchemi ya maji ya moto chini ya mitende, ngome iko karibu, familia zinatandika mikeka miguu majini, unafunua pilau lako. Hawiyat Najm njia ya kwenda Sur, shimo kubwa la maji ya kijani, unashuka ngazi, vile visamaki vinakudonoa miguu, wanangu wanapiga kelele kama wanachinjwa, kuingia bure. Wadi Shab wanayoipiga picha wote ni mashua riali 1 alafu unatembea juu ya mawe kama dakika 45, na mtoto wa miaka miwili acha, usijaribu, nilijaribu nikambeba njia nzima. Jebel Akhdar ni mita 2000 hivi juu, baridi, Aprili wanavuna mawaridi ya kutengenezea marashi, ila polisi wako pale chini, gari lisilo na foo-wili halipandi, hata ulie.

Na wadi, yaani haya mabonde ya maji ya milimani, nasema hii kwa uzito. Mawingu yakionekana milimani, hata kama juu yako jua linawaka, toa watoto majini ondoka. Aprili 2024 mvua ilipiga Oman, tarehe 14, kuna watoto wa shule walisombwa gari likiwa kwenye wadi, nchi nzima ililia. Siku mbili baadae mvua hiyohiyo ikaipiga Dubai, mvua kubwa kuliko zote tangu waanze kuweka kumbukumbu 1949, shoga yangu wa Al Nahda akanitumia picha maji yamefika kwenye kioo cha gari, na vituo vingine vya metro vilifungwa zaidi ya mwezi. Kote hakuna mitaro kama ya kwetu, jangwa halijajiandaa na mvua. Mvua ikitangazwa kaa ndani, pika maandazi.

Kiangazi chenyewe, Juni mpaka Septemba, Dubai wanajifungia ndani na ndani kwao kumejaa vitu, moli moja ina samaki, nyingine ina theluji, hela yako tu. Muscat moli zipo za kutosha lakini ukizizunguka zote kufika Agosti umeshazichoka. Wenye likizo wanapanda gari kwenda Salalah, kilometa kama 1000, kule wakati huo kuna manyunyu na ukungu, milima kijani, njiani vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Nilipoonja dafu la Salalah nilipiga simu nyumbani.

Hela, shule na mengineyo kwa haraka

Riali 1 ni kama dirhamu 9 na nusu, na huo ni mtego. Baisa 500, yaani nusu riali, inaonekana chenji, kumbe ni karibu dirhamu 5. Mwezi wa kwanza nilikuwa naona kila kitu rahisi mpaka nilipopiga hesabu. Lakini nyumba Muscat inakupa nafasi, kwa hela ya vyumba viwili Al Nahda tulipata vyumba vitatu na ua wa kuanika. Dubai mwenye nyumba wetu alitaka kupandisha kodi kila mwaka, jua haki yako, lazima akupe taarifa siku 90 kabla ya mkataba kuisha, mi sikujua mwaka wa kwanza nikalipa kimyakimya. Na ukiwa na gari Dubai kuna Salik, tozo ya barabara, geti linakukata bila kukuuliza.

Shule kote ni za kulipia kwa sisi wageni, za mtaala wa India ndo nafuu, za Uingereza shika moyo. Dubai ina kitu kizuri, KHDA, wasimamizi wa shule binafsi kule, wanaweka ripoti za ukaguzi wa shule wazi, unasoma kabla hujatoa hata senti. Muscat utategemea kuuliza akina mama wenzako. Na kumbuka hawa hawaanzi Januari kama sisi, za India zinaanza Aprili, za Uingereza Septemba, kwaiyo ukimtoa mtoto Tanga Desemba atakaa nyumbani miezi akikuvurugia sebule. Panga tarehe ya safari kwa shule, sio kwa tiketi rahisi.

Wikiendi: Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Dubai tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ofisi za serikali na baadhi ya nyingine zinafanya nusu siku. Inaonekana kitu kidogo lakini mwanaume akirudi Ijumaa mchana kachoka, ule mnuso wa Ijumaa wa kipwani unakufa. Muscat Ijumaa yetu imerudi nzima.

Idd zinaweza kupishana pia, 2025 Dubai walisali Jumapili 30 Machi, sisi Muscat tukasali Jumatatu tarehe 31, nimepigiwa video ya kuku na biriani mi nimefunga! Na watoto wana sikukuu yao ya pipi kote, ila Dubai wanaiita Hag Al Leila na inakuwa katikati ya Shaabani, Muscat ni Qaranqasho katikati ya Ramadhani, watoto wanapita nyumba kwa nyumba usiku wanaimba wamebeba mifuko. Wanangu wakubwa wameshacheza zote mbili wanadai bado wanadaiwa pipi. Msikitini mtoto atakuuliza mbona wenzetu huku hawafungi mikono wakisimama, ni Ibadhi hao, mweleze kwa upole, asiende kumrekebisha mzee wa watu kama alivyofanya wa kwangu.

Sasa mdogo wangu nilimwambiaje? Nilimwambia, una mtoto wa mwaka mmoja na wa miaka minne, huendeshi, mumeo atatoka alfajiri. Kama ndo itabaki hivo, nenda Dubai, na nyumba tafuta kwanza kituo cha metro ndo uangalie jiko, chumba kiwe kidogo sawa, kituo kiwe cha kutembea dakika tano. Kama Muscat wanatoa gari na wewe uko tayari kuhangaika na mapipa miezi sita, njoo huku, watoto wako watakua na bibi. Mi ningechagua Muscat leo. Mimi wa 2019, na kichanga mgongoni na leseni hakuna, ningekufa kwa upweke, na sioni aibu kusema.

Jana kanipigia tena. Mumewe kauliza, gari Muscat wanapewa, moja, na ataondoka nalo saa kumi na mbili asubuhi. Nikanyamaza nikisubiri aseme Dubai. Akaniambia, "Dada, nimeshajiandikisha udereva hapa hapa Tanga, naanza Jumatatu, mapipa nitayakuta huko nikiwa nimeshajua gia ni nini."